Mashua Iliyotunzwa Kama Mahindi

Mmeniuliza kanisani, mmeniuliza sokoni, na juzi mmoja wenu alinisimamisha njiani na mkebe wa maziwa mkononi kunihoji kama ni kweli baba yangu alikula samaki. Nimechoka kusimulia vipande vipande, maana kila anayeondoka na kipande hukitia chumvi yake. Basi nimeandika yote hapa. Someni, mpeane, halafu mniache nishone sare za watoto kwa amani.

Kwa asiyemjua, baba yangu ni seremala mstaafu wa hapa Ruring'u. Alitengeneza madawati ya shule maisha yake yote, na tangu nikiwa msichana mdogo ana mashua. Ni mashua ndogo ya mbao, ya tanga, ndefu kama vitanda viwili. Aliachiwa na mzungu mmoja wa upande wa Naro Moru aliyekuwa akihama, pamoja na injini yake ndogo ndani ya gunia. Baba aliiweka kwenye banda lililoshikana na jikoni, mahali pakavu, palepale anapokaushia mahindi ya mbegu, na tangu siku hiyo hajaacha kuirekebisha. Kila mwaka ameipiga msasa, kila mwaka ameipaka rangi, kila mwaka ameziba nyufa. Majini haijawahi kuingia. Nyinyi wenyewe mmemcheka, msijifanye.

Mwaka huu ameanza kusahau vitu. Humimina chai, kisha anatafuta chai. Jioni moja nilimkuta bandani ameweka kiganja kwenye ubao wa mashua, akaniuliza ni ya nani. Nikamwambia ni yake.

"Mama," akasema, "nataka nijue kama hii ni mashua ama nimekuwa nikitengeneza sanduku refu."

Ananiita Mama kwa sababu nilipewa jina la mama yake, Nyambura. Yale maneno yaliniuma. Siku hizo zake za kukumbuka sikujua zimebaki ngapi, na yeye pia hakujua. Asubuhi nikaanza kutafuta gari la kuipeleka bwawa la Masinga.

Ruring'u hadi Karatina

Gari lilikuwa kenta, lile lori dogo la Kimotho anayebebanga viazi. Tuliilaza mashua juu ya magodoro yangu, tukaifunga kwa kamba, tukaketi mbele watatu, baba katikati na kofia yake ya kanisani. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka barabarani. Mashamba ya kahawa yalitokea na kupotea, nyumba zikatokea na kupotea, na kila nilipogeuka kuchungulia dirisha la nyuma niliona pua ya mashua imeinuka katikati ya ule weupe, inakuja pole pole nyuma yetu. Nilikuwa nimeizoea kama kabati. Sasa ilikuwa inakwenda.

Karatina tulisimama kunywa chai. Mama mmoja wa kabichi aliizunguka kenta yote kabla hajasema neno.

"Hii hori ni ya ng'ombe wangapi?"

"Si ya ng'ombe," baba akamjibu. "Ni ya watu."

"Watu wanakulia ndani?"

"Ni ya kuenda juu ya maji."

Yule mama akatazama juu, manyunyu yalikuwa yameanza, akamtazama Kimotho, akatutazama sisi. "Ati mmesikia mvua itakuwa kubwa namna hiyo?"

Alikuwa anauliza kweli, na uso wake ulikuwa na wasiwasi. Baba aliiacha chai yake nusu akarudi garini. Mimi nilimaliza yangu na yake, na mandazi pia, kwa sababu hasira ya mtu mwingine hainizuii kula.

Kagio

Baada ya Sagana ukungu uliisha na tukaanza kuvua masweta. Kuteremka kutoka kwetu ni hivyo, unavua kitu kila baada ya mwendo mfupi. Kabla ya kuingia Kagio gurudumu likatoka pumzi, na gurudumu la akiba la Kimotho lilikuwa limekwisha kutoka pumzi tangu siku nyingine ambayo hakutaka kuizungumzia. Akaenda na pikipiki kulizibisha. Baba akalala kivulini mwa gari, mimi nikaenda kutafuta ndizi.

Niliporudi nilikuta mashua imejaa nyanya. Wafanyabiashara wawili walikuwa na makreti ya kupeleka Kutus, wakamkuta Kimotho akirudi na gurudumu lake, wakamwonyesha kwamba kuna nafasi nzuri kabisa inaenda bure. Kimotho ana kasoro moja, hawezi kumkatalia mwanamke aliyeshika kreti. Nilimchapa kwa maneno mpaka akajificha upande wa pili wa gari. Nilikuwa nasubiri baba aamke awake moto.

Baba aliamka, akaona. Akazunguka pole pole, akainama kutazama chini ya mashua, akasukuma ubao wa kando kwa kidole gumba. Makreti yalikuwa yamepangwa mpaka mlingoti ulipolazwa.

"Imebeba," akasema, na akatabasamu mpaka Kutus.

Kutus

Tulimtafuta fundi wa injini, tukaelekezwa kwa mtu anayeitwa Njogu. Uwanja wake ulikuwa umejaa pampu za petroli, zile za kunyunyizia mashamba ya nyanya, zimepangwa ukutani kama wagonjwa kwenye foleni. Baba akafungua gunia.

"Hii pampu yenu inavuta maji kutoka wapi?" Njogu akauliza.

"Haivuti," nikasema. "Inasukuma mashua."

Akaniangalia, akaangalia kenta, akaamua hilo halimhusu. Alisafisha kabureta, akabadilisha plagi, akaishindilia injini ile kwenye pipa la maji na kuvuta kamba. Ilikohoa mara nyingi sana. Halafu ikawaka, ikatoa moshi wa samawati, na pipa zima likatetemeka. Baba alipiga makofi polepole kama mtu wa kanisani asiyetaka kuonekana.

Sasa sikieni hapa. Ubavuni mwa injini kulikuwa na kitundu, na kutoka kitunduni kulikuwa kunaruka maji membamba, yanaenda mbali, mazuri hata kutazama. Njogu ni mtu wa pampu, na pampu inayorusha maji ubavuni Kutus yote inajua kwamba ni mgonjwa.

"Inavuja hapa," akasema. Akakata kipande cha raba, akakikaza na skrubu, na kitundu kikakauka. Sisi sote tuliridhika sana. Mimi hata nilimshukuru mara mbili.

Kazi ngumu ilikuwa kuifunga. Vibano vya injini vilikuwa vimeliwa na kutu, kwa hiyo ilibidi kutoboa ubao wa nyuma wa mashua na kupitisha bolti. Baba hajawahi kuitoboa mashua ile. Miaka yote kazi yake ilikuwa kuziba. Njogu alipowasha kekee, baba aligeuka akatazama ukuta, mikono nyuma, na nikaona vidole vyake vinashikana. Walikata vipete vya raba kutoka tyubu ya baiskeli, wakaviweka pande zote mbili za ubao, wakakaza nati. Niliwaambia bolti hizo zitavuja. Nitawaambia mapema nilikosea, ili mjue naweza.

Ukingoni mwa Masinga

Baada ya Kutus dunia ililala chali. Mashamba ya mpunga ya Mwea yalienea kila upande, mengine ya kijani, mengine ya dhahabu, na mifereji katikati. Kenta ilikuwa inapita barabarani, na chini yetu katika mfereji kulikuwa na kenta nyingine imepinduka, na mashua yetu inasafiri ndani ya maji kichwa chini. Baba aliiona akanigusa ubavuni kwa kiwiko. Hata Kimotho aliacha kuzungumza, na huyo mnamjua.

Jioni tulifika bwawani kwa Mama Mutindi, mjane Mkamba anayekaanga samaki ukingoni, ambaye Kimotho hununua kwake mara kwa mara. Alitukaribisha kana kwamba mashua kuletwa kwa lori kutoka mlimani ni jambo la kila wiki. Asubuhi yake watu wakajitokeza kusaidia, na mashua ikasukumwa ndani ya maji, baba akiifuata mpaka magotini, kofia kichwani.

Ilielea. Nawaapia ilielea, kwa muda wa kuvuta pumzi. Halafu maji yakaanza kuingia kutoka kila mahali, kila mstari kati ya ubao na ubao, kimya kimya, kama unavyoona maji yakipita kwenye kikapu. Mashua ikashuka, ikashuka, ikakaa kwenye tope, zikabaki kingo zake tu juu na ule ubao wa nyuma, uso mkavu, bolti zake hazitoi hata tone. Watu walicheka. Si kwa ubaya, lakini walicheka. Mimi niliona giza. Nilitaka kumfunika baba kwa kanga nimpeleke nyumbani.

Yeye alisimama pale pale majini. "Basi ni sanduku," akasema.

Nilimwambia Kimotho tuitoe turudi. Mashua iliyojaa maji haitoki. Tulivuta wote, ikakataa. Na simu ya Kimotho ikalia: mpunga unavunwa, magunia yanangoja, kenta inatakiwa Wang'uru mara moja.

"Nakuja kesho asubuhi na mapema," akasema.

Kungoja

Kesho ya Kimotho ni ndefu. Tulimpigia, akasema yuko njiani, na tulisikia nyuma yake watu wanapakia magunia. Siku zikapita moja ikimwagikia nyingine. Joto la huko si la kwetu, linakuja mapema na kukaa nawe kama mgeni asiyeaga. Asubuhi maji yalikuwa meupe kama maziwa, na mbali sana, juu ya kila kitu, mlima wetu ulionekana mdogo na wa samawati. Tumeishi miguuni pake maisha yote, na sikujua unaweza kuonekana ukiwa peke yake hivyo. Viboko walipumua upande wa pili wa bwawa. Baba aliketi kwenye jiwe akitazama mashua yake iliyozama.

Githeri tuliyobeba, mahindi na maharagwe ya kwetu, ilichacha siku ya kwanza. Mama Mutindi alileta samaki na wali. Mnajua wazee wetu Wakikuyu hawagusi samaki. Baba alisukuma sahani kwa heshima, akala wali mtupu, na Mama Mutindi akadhani hapendi alivyokaanga, akaleta wa kuchemsha. Baba akala wali. Akaleta wa nazi. Mimi nilikuwa nakula wote watatu na kueleza kwamba baba ana tumbo.

"Tumbo iko na shida gani?" Mama Mutindi akauliza.

"Iko na umri," nikasema.

Akafikiri baba ni mgonjwa kweli, akaanza kumletea uji.

Samaki wadogo walikuwa wameingia ndani ya mashua. Waliingia kwa nyufa za upande mmoja, wakapita chini ya kiti, wakatoka upande mwingine, na baba aliwatazama kutwa. Siku moja aliniambia wanapita polepole kuliko jana. Nikadhani ni kule kusahau kwake, nikamshika mkono.

Kisha ikawa hivi. Mama Mutindi alikuwa akilima shamba lake la ndengu nyuma ya nyumba, na jembe likalegea mpinini. Alikuja ukingoni, akalitupa majini karibu na mashua, akarudi nyumbani kupika. Hakuna cha ajabu hapo. Nyinyi mnafanya hivyo, mimi nafanya hivyo, baba amefanya hivyo maisha yake yote: jembe likilegea unalilaza majini, mti unakunywa, unavimba, unashika chuma. Baba akalitazama lile jembe. Akaitazama mashua. Akainuka haraka hivi kwamba nilidhani kuna nyoka.

"Nimeiweka karibu na jiko," akasema.

"Nini?"

"Mashua, Mama. Miaka hii yote. Wakati wa baridi hata nilikuwa nawasha moto bandani isipate unyevu." Akalinyooshea lile jembe kidole. "Nimeikausha kama mahindi."

Nilianza kucheka na sikuweza kujizuia, na yeye akacheka, mpaka Mama Mutindi akatoka na mwiko kuona ni nani amepatwa na wazimu. Kila ufa aliouziba, kiangazi kilichofuata aliukuta umefunguka pengine, akauziba, akawasha moto. Aliiua kwa kuitunza. Jioni ile alikula samaki. Mzima, na kichwa. Basi jibu ndilo hilo, yule wa mkebe wa maziwa.

Kimotho alipokuja hatimaye, vumbi la mpunga kwenye nyusi, akatukuta tuko majini na mabeseni na sufuria. Tulikuwa tunatoa maji mashuani. Tulichota, tukachota, na maji yaliyotoka hayakurudi. Ikaanza kuinuka, kwanza pua, halafu yote, ikatikisika kama ng'ombe anayeamka. Baba alifuta sakafu yake kwa fulana yake mwenyewe, kisha akaomba unga wa mahindi, akaunyunyiza kwenye maungio. Palipobaki peupe ni pakavu. Mahali pamoja tu, kwenye kisanduku cha katikati, kinachopitisha ule ubao wa kushusha majini, unga ulipiga mstari wa maji. Mama Mutindi alisokota mkonge pajani, ule uzi wa kusukia kiondo, baba akaupaka mafuta ya ng'ombe na kuusukumiza ndani kwa kisu cha mezani. Akanyunyiza unga tena. Ukabaki mweupe.

Katikati ya maji

Hakuna kati yetu anayejua kuogelea. Tulifunga mitungi mitupu ya plastiki kandokando, mingine tukajifunga mgongoni, na Kimotho akaapa kwamba yeye ni mtu wa barabara. Tukaingia mimi na baba. Injini iliwaka kwa mvuto wa pili, tukaondoka, na nyumba ya Mama Mutindi ikawa ndogo na nyuma yetu kukawa na njia nyeupe. Nilikuwa naogopa mpaka meno, na nilikuwa na furaha.

Katikati nilinusa kitu kinaungua. Injini ikapiga kelele nyembamba, ikazimika. Nilipoigusa iliniunguza kama sufuria. Baba aliifungua kifuniko, akaitazama kwa muda mrefu, halafu kidole chake kikaenda moja kwa moja kwenye skrubu ya Njogu.

"Huyu alizuiwa kukojoa," akasema.

Yale maji mazuri yaliyokuwa yakiruka hayakuwa ugonjwa. Ndiyo yalikuwa yakiipoza. Alitoa skrubu kwa ncha ya kisu, mvuke ukapiga mluzi, na tukangoja ipoe. Sijawahi kusikia kimya kama kile. Mlima ulikuwa juu, na mlima mwingine ulikuwa chini yetu ndani ya maji, na mashua ilikuwa katikati haitaki kwenda popote.

"Inua kitambaa chako," baba akasema.

Tanga nilikuwa nimelishona upya kwa mashine yangu, kwa mshono wa mikoba ya shule. Nikavuta kamba. Kwanza lilipigapiga na kunichapa usoni. Nilivuta zaidi, mashua ikalalia ubavu, nikapiga kelele kwa mama yangu marehemu, nikalegeza, ikasimama. Tulijifunza hivyo, kwa kuvuta na kulegeza, baba akishika usukani na kuniashiria kwa kichwa. Kisha upepo ukaingia vizuri. Maji yakaanza kusema kitu kidogo chini ya mbao.

Baba aliinama, akalaza kiganja chake sakafuni, akakiinua kunionyesha. Kilikuwa kikavu.

"Ni mashua," akasema.

Halafu akaegemea, kofia juu ya macho, akalala. Nikashika usukani na kamba pamoja, sijui tunaenda wapi, na sikutaka kujua. Natamani ningeweza kuwaeleza saa ile, lakini siwezi. Tulitua mbali sana na tulikotaka, na Kimotho akatufuata kwa miguu kando ya maji akilalamika.

Asubuhi alirudisha kenta nyuma mpaka ukingoni. Magodoro yalikuwa tayari. Baba alisimama akitazama mashua ikicheza kwenye kamba yake.

"Tukiirudisha itakauka," akasema.

"Tutaimwagia maji, Baba. Kila siku. Mimi mwenyewe."

"Nitasahau, Mama. Siku moja nitaona imelowa, nitaionea huruma, nitawasha moto."

Na ni kweli. Alimwita Mama Mutindi, akamwekea kamba mkononi. Alimwomba jambo moja tu, asiitoe majini hata ikionekana inahisi baridi. Mama Mutindi hakuelewa yote, lakini alishika kamba kwa mikono miwili.

Nyumbani

Mliona kenta ikirudi tupu. Nani alianza kusema ilizama sitaki kujua, lakini kufikia jioni mlikuwa mmejaa uani kwetu, na mikate na sukari na birika za chai, mmeketi kwenye viti vya kukodi kana kwamba tumefiwa. Mzee wa kanisa alikuwa tayari na Biblia. Nilitaka kuwafukuza wote, lakini baba alinizuia. Aliwapa mkono mmoja mmoja, akakubali pole zenu, akaketi, mlango wa banda wazi nyuma yake na ndani hakuna kitu.

"Haikuzama," akawaambia. "Inaelea vizuri sana. Ndio maana haiwezi kurudi."

Mkatazamana. Mzee wa kanisa akafunga Biblia kidole kikiwa ndani, akauliza kwa upole kama basi tuombe au tusiombe.

Baba akavua kofia.

"Ombeni," akasema. "Nilikaa nayo miaka mingi."